Uboreshaji wa gari la 4x4 (Unguja)

Uboreshaji wa gari la 4x4 ni kazi ya kubadilisha au kuongeza sehemu za gari linalosukumwa na magurudumu yote manne ili liweze kupita nje ya lami, yaani penye mchanga, matope, mawe au maji. Kwa kawaida kazi hiyo hufanyika hatua kwa hatua, kwa sababu vifaa ni ghali na kwa sababu kila badiliko katika sehemu moja huathiri sehemu nyingine.

Katika kisiwa cha Unguja, Zanzibar, mtu anayenunua gari la 4x4 kwa mara ya kwanza mara nyingi hulitumia hilo hilo kwa kila jambo: kwenda kazini mjini, kupeleka watoto shuleni, kubeba mazao kutoka shamba na kwenda pwani siku ya mapumziko. Kuharibika kwake ni hasara ya familia nzima. Kwa hiyo jambo la kuamua kwanza ni badiliko gani litangulie. Unguja haina milima mirefu. Yanayoharibu gari hapa ni mawe ya matumbawe, mchanga wa pwani, tope la mabondeni na chumvi ya bahari. Kwa hali hiyo matengenezo, matairi na vifaa vya kujinasua hutangulia. Kuinua gari na kufunga winchi huja mwisho, na wamiliki wengi hawavihitaji kabisa.

Ardhi ya Unguja

Unguja ina urefu wa takriban kilomita 85 na upana wa takriban kilomita 39. Wakulima wa kisiwa huzipa aina za ardhi majina yao, na majina hayo humsaidia dereva pia. Upande wa magharibi na kaskazini-magharibi kuna kinongo, udongo mzito wenye rutuba unaobeba mikarafuu na minazi. Mabondeni kuna kinamo, udongo wa mfinyanzi ulio mweusi. Sehemu hizo, kama vile Cheju, hulimwa mpunga. Upande wa mashariki na kusini kuna uwanda na maweni, ambako udongo ni mwembamba juu ya mwamba wa matumbawe ya kale.

Kila ardhi humpima dereva kwa namna yake. Kinamo likilowa hujaza nafasi za tairi na kulifanya liteleze kama sabuni. Jiwe la maweni lina makali, hukata ubavu wa tairi na kugonga sehemu za chini ya gari. Mchanga mkavu wa pwani ya mashariki, kutoka Matemwe na Kiwengwa hadi Paje na Jambiani, humeza gurudumu lililojazwa upepo mwingi.

Majira nayo yana nafasi yake. Mvua za masika hunyesha Machi hadi Mei, na za vuli Oktoba hadi Desemba. Njia inayopitika kwa gari dogo mwezi wa Januari inaweza kuwa dimbwi mwezi wa Aprili.

Historia fupi ya magari haya

Magari ya 4x4 ya kiraia yalienea baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, yakifuata mfano wa jipu la jeshi la Marekani. Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948 na baadaye ikawa gari la kawaida la serikali na la mashamba katika Afrika ya Mashariki. Toyota ilitengeneza gari lake la kwanza la aina hiyo mwaka 1951, likaja kuitwa Land Cruiser. Toleo la mfululizo wa 70 lilianza mwaka 1984 na bado linatumika sana Tanzania. Suzuki Jimny ilitoka mwaka 1970 na Suzuki Escudo, ambayo katika nchi nyingine huitwa Vitara, mwaka 1988. Toyota RAV4 ilifuata mwaka 1994.

Escudo na RAV4 huonekana sana Unguja, na nyingi hukodishwa kwa wageni. Hufika zikiwa zimetumika Japani, nchi ambayo pia huendesha kushoto na kuweka usukani kulia.

Namna ya kuboresha gari hutegemea kazi yake. Tanzania Bara, hasa Arusha, kuna gereji zinazorefusha chesisi ya Land Cruiser, kuongeza viti na kuweka paa la kuinuka ili watalii watazame wanyama. Nchini Kenya, mashindano ya Rhino Charge yaliyoanza mwaka 1989 hushindanisha magari ya 4x4 kufika vituo vyote kwa kutembea umbali mfupi kuliko wengine, na kwa hiyo magari hayo huimarishwa yaweze kupita makorongoni. Mahitaji ya Unguja ni tofauti, na kuiga gari la Arusha au la mashindano ni kununua vifaa visivyo na kazi.

Jinsi mfumo unavyofanya kazi

Nguvu ya injini hupita kwenye gia boksi, kisha kwenye transfa, ambayo huigawa kwa ekseli ya mbele na ya nyuma. Kila ekseli ina difu, yaani mkusanyiko wa gia unaoruhusu gurudumu la nje kuzunguka haraka kuliko la ndani gari linapokata kona. Faida hiyo ina upande wake mbaya. Difu ya kawaida husukuma magurudumu mawili ya ekseli kwa nguvu sawa, na nguvu hiyo haiwezi kuzidi ile inayopokelewa na gurudumu lenye mshiko mdogo. Gurudumu moja likining'inia hewani au likizama topeni huzunguka bure, na mwenzake husimama ingawa liko juu ya ardhi ngumu. Ndiyo sababu gari la 4x4 linaweza kukwama likiwa na magurudumu mawili tu yanayozunguka.

Transfa ya magari mengi ya aina hii ina pia gia ya chini, inayopunguza mwendo na kuongeza nguvu ya kuvuta. Escudo ya kizazi cha kwanza na cha pili ina chesisi ya pekee chini ya bodi, na matoleo yake mengi yana gia ya chini. RAV4 haina gia hiyo, na bodi yake ndiyo inayobeba kila kitu. Kwa hiyo RAV4 inafaa njia ya kifusi na mchanga mwepesi, lakini si msingi mzuri wa mabadiliko makubwa.

Katika magari ambayo dereva ndiye anayechagua 4x4 na ambayo hayana difu ya katikati, haifai kuiwasha kwenye lami kavu. Ekseli mbili hutaka kuzunguka kwa mwendo tofauti kwenye kona na haziwezi, hivyo usukani huwa mzito na gia za transfa huumia.

Hatua za uboreshaji

1. Matengenezo

Hatua ya kwanza haiongezi kitu chochote kipya. Fundi hukagua breki, bushi, bolijointi, shokamzoba, mipira ya ekseli za mbele, rejeta na oili za difu, gia boksi na transfa. Hukagua pia kama 4x4 na gia ya chini zinaingia, kwani gari lililokaa mjini miaka mingi huenda halijawahi kuzitumia.

Chesisi hutazamwa kwa makini zaidi. Sehemu za kaskazini mwa Japani barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji, na gari lililotoka huko linaweza kufika Zanzibar tayari lina kutu ndani ya chesisi. Chuma kilicholika hakifai kufungiwa bampa zito wala ndoano ya kuvutia. Fedha iliyotengwa kwa ajili ya springi ndefu hutumika vizuri zaidi hapa.

2. Matairi na upepo

Matairi ndiyo sehemu pekee ya gari inayogusa ardhi, na ndiyo badiliko lenye matokeo makubwa kuliko yote. Yapo makundi matatu: ya barabara, ya mchanganyiko yanayoandikwa A/T, na ya matope yanayoandikwa M/T. Matairi ya matope yana meno makubwa yanayojisafisha, lakini hupiga kelele, hushika vibaya zaidi kwenye lami iliyolowa, na mchangani huchimba shimo upesi. Kwa gari linalotumia siku nyingi kwenye lami ya Unguja, A/T yenye ubavu imara hufaa zaidi.

Ukubwa huhesabiwa kabla ya kununua. Tairi la 205/75R15 lina kipenyo cha takriban milimita 689, na la 235/75R15 lina milimita 734 hivi. Tofauti ni milimita 45, lakini ekseli huinuka nusu yake tu, karibu milimita 22. Kipimo cha mwendo nacho hudanganya: kikionyesha kilomita 80 kwa saa, gari linakwenda karibu 85. Tairi kubwa ni zito, huchelewesha breki na huifanya injini ndogo ichoke, na linaweza kukwaruza bodi usukani unapokatwa hadi mwisho.

Upepo hugharimu kidogo kuliko kifaa chochote. Tairi linalojazwa paundi 30 barabarani likipunguzwa hadi paundi 15 au 18 mchangani hulala na kurefusha alama yake ardhini, hivyo uzito wa gari hutandazwa mahali pakubwa. Mwendo uwe wa polepole na kona zisikatwe kwa ghafla, kwa sababu tairi laini linaweza kutoka kwenye ringi. Penye maweni upepo usipunguzwe kiasi hicho. Ubavu uliolegea hutokeza nje na kukatwa na jiwe. Kipimo cha upepo na kompresa ndogo inayotumia betri ya gari ni lazima, kwani matairi hujazwa tena kabla ya kurudi kwenye lami.

3. Vifaa vya kujinasua

Vifaa vya mwanzo ni koleo, mbao mbili au vibao vya plastiki vya kuweka chini ya magurudumu, jeki yenye ubao mpana wa kuikalia, kamba imara, glavu na tairi zima la akiba. Vijijini makuti na magunia yamewanasua wengi.

Mahali pa kufunga kamba ndipo penye hatari kubwa kuliko zote. Kamba hufungwa kwenye ndoano iliyoshikwa na boliti kwenye chesisi na iliyotengenezwa kwa kazi ya kuvuta. Haifungwi kwenye bampa, kwenye ekseli wala kwenye kichwa cha mpira cha kuvutia trela. Kichwa hicho kikikatika huruka kama risasi, na watu wamekufa kwa namna hiyo katika nchi mbalimbali. Watazamaji, hasa watoto ambao hukusanyika upesi gari linapokwama kijijini, husogezwa mbali kabla ya kamba kukazwa.

Pwani ya mashariki ndiyo inayoonyesha kwa nini hatua hii haiwezi kusubiri. Wakati wa bamvua, siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hukaribia mita 4, na bahari hurudi mbali sana ikiacha mchanga unaoonekana mgumu. Kati ya kupwa na kujaa ni saa sita na kidogo. Gari lililokwama chini ya mstari wa maji lina muda huo tu, au chini yake. Kuliinua gari hakutamsaidia dereva asiye na koleo, na koleo halitamsaidia aliyekwenda peke yake bila kuuliza majira ya maji.

4. Ulinzi wa chini ya gari

Baada ya hapo huja mabamba ya chuma yanayokinga chombo cha oili ya injini, transfa na tangi la mafuta. Jiwe moja la maweni linaweza kupasua chombo cha oili, na injini ikiendelea kuzunguka bila oili huharibika kwa dakika chache. Mafundi wa kuchomelea wa kisiwani wanaweza kutengeneza mabamba hayo. Yawe na matundu ya kutolea oili na ya kupitisha hewa, na yafungwe kwa boliti ili yafunguliwe wakati wa kusafisha, kwani mchanga wenye chumvi ukikaa juu ya bamba hulisha kutu.

5. Kuinua gari

Kuinua gari kwa springi ndefu, mara nyingi inchi 2 au sentimita 5, ndiko wengi hutaka kuanza nako. Ni vyema kujua kunafanya nini. Kwenye ekseli nzima, kama ile ya nyuma ya Escudo za mwanzo, springi huinua bodi na chesisi, lakini difu hubaki pale pale. Difu huinuliwa na tairi peke yake. Mbele, ambako kila gurudumu lina mfumo wake, kuinua huongeza pembe ya ekseli na kuchakaza viungo vyake mapema.

Kitovu cha uzito nacho hupanda, na gari fupi lililoinuliwa hupinduka kwa urahisi zaidi kwenye kona au dereva anapomkwepa mtu ghafla. Baada ya kuinua, mipira ya breki hukaguliwa isivutwe, magurudumu hupangwa upya, na taa hushushwa zisiwapofushe wanaokuja mbele.

6. Kufunga difu, bomba la hewa na winchi

Kifaa cha kufunga difu huyalazimisha magurudumu mawili ya ekseli kuzunguka pamoja, hivyo huondoa udhaifu ulioelezwa hapo juu. Hutumiwa mahali pabaya tu na kuzimwa kwenye ardhi ngumu, kwa sababu hufanya usukani kuwa mgumu.

Bomba la hewa linalopanda hadi usawa wa paa huzuia maji yasiingie ndani ya injini, lakini halilifanyi gari kuwa mashua. Difu na gia boksi zina vipumulio vidogo. Difu iliyopata moto ikitumbukia kwenye maji baridi huvuta maji kupitia hapo. Vipumulio hurefushwa kwa mpira mwembamba hadi juu. Oili ikionekana na rangi ya maziwa, maji yameshaingia na hubadilishwa mara moja.

Winchi pamoja na bampa lake la chuma huweza kukaribia kilo 100, sawa na kubeba mtu mzima daima mbele ya ekseli. Huhitaji kitu cha kuishika, na pwani kitu hicho ni mnazi. Unguja mti unaweza kuwa na mwenyewe ambaye si mwenye ardhi, hivyo huombwa ruhusa, na mkanda mpana hutumiwa ili gome lisikatwe.

Uzito na usalama

Kila kifaa huongeza kilo, na kilo hujumlishwa. Gari lina kiwango cha mwisho cha uzito kilichowekwa na mtengenezaji, kikihusisha abiria, mafuta na mizigo. Springi ngumu hazibadilishi kiwango hicho, kwa sababu breki, ekseli na chesisi ni zile zile. Mzigo wa kwenye paa ni mbaya zaidi, kwa kuwa hupandisha kitovu cha uzito. Mabadiliko makubwa huelezwa kwa kampuni ya bima na kwa wakaguzi wa magari, kwani bima inaweza kukataa kulipa kwa gari lisilolingana na maelezo yake.

Mji Mkongwe, uliotangazwa kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2000, ni kipimo kingine. Vichochoro vyake vilijengwa kwa ajili ya watu wa miguu, na magari hutumia barabara chache za pembeni na za kuingilia kama ile ya Mizingani. Bampa la chuma lililotokeza na matairi yaliyozidi upana wa bodi ni hatari kwa wapita njia. Bampa gumu pia humuumiza zaidi mtu anayegongwa kuliko bampa la plastiki linalobonyea.

Pwani na wenyewe

Ufuko si uwanja mtupu. Paje, Bwejuu na Jambiani wanawake hulima mwani na kuuanika, wavuvi hukokota ngalawa, na watoto hucheza. Kasa hutaga mayai kwenye baadhi ya fukwe, ikiwemo kisiwa cha Mnemba karibu na Matemwe; mayai hukaa mchangani kiasi cha miezi miwili, na nyayo za gurudumu huwa mitaro inayowanasa watoto wa kasa wakielekea baharini. Mikoko ya ghuba ya Chwaka na msitu wa Jozani, ambao ni hifadhi ya taifa na makao ya kima punju, si mahali pa kujaribia gari. Kwingineko dereva huuliza kwanza kwa sheha au kamati ya wavuvi ya kijiji, na hupita kwenye njia iliyokwisha kupitwa.

Matunzo baada ya safari

Maji ya bahari hayafai kuvukwa kwa makusudi, hata kwa gari lenye vifaa vyote. Gari lililopita pwani huoshwa siku hiyo hiyo kwa maji baridi yasiyo na chumvi, hasa chini: ndani ya chesisi, nyuma ya magurudumu, kwenye breki na juu ya mabamba ya ulinzi. Likikauka hupakwa dawa ya kuzuia kutu. Kupaka oili chafu ya injini hakufai; huozesha mipira na kuchafua udongo na maji ya visima, ambayo kwenye ardhi ya matumbawe hufikiwa na uchafu haraka.

Mwishowe hukaguliwa upepo wa matairi, ubavu wake, boliti za magurudumu na oili. Mmiliki anayeandika kila alichokibadilisha na kila kilichoharibika hupata, baada ya mwaka mmoja wa masika na vuli, orodha inayomwonyesha gari lake linahitaji nini, na mara nyingi orodha hiyo ni fupi kuliko ile aliyokuwa nayo siku ya kulinunua.